Harufu ya Rubisi Ndani ya Rejeta

Kiyoyozi cha gari letu kilianza kutoa hewa ya vuguvugu tulipokuwa tukitoka Igurwa, nami nikalipeleka gari kwa fundi mmoja wa Rubwera anayesifiwa na kila mtu. Kusifiwa na kila mtu si ushahidi, lakini sikuwa na fundi mwingine. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alitupa shikamoo mimi na mke wangu, akawasha injini, akaweka kiganja mbele ya matundu ya dashibodi, na kabla hajafungua chochote akatamka: "Gesi imekwisha, mzee. Magari haya yote ndivyo yalivyo. Tunajaza, unaondoka."

"Umepima?"

"Hii haihitaji kupima, mzee. Hata wenzangu hapa watakuambia."

"Wenzako sikuwaletea gari. Pima."

Mke wangu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la gereji, aliguna kwa namna anayoguna ninapowatesa watu. Kijana akaleta geji, akaunganisha mipira yake kwenye mabomba, na mishale ikasimama pale inapostahili kusimama. Gesi ilikuwapo. Kompresa ilishika na kuachia kama kawaida. Nikamwambia aguse bomba linaloingia ndani ya gari. Akaligusa na kuondoa vidole upesi, kwa maana lilikuwa la baridi kali na lilitoa jasho. Basi baridi ilikuwa ikitengenezwa, ila haikufika tulipoketi. Kijana alikubali hivyo bila furaha, akaanza kuvunjavunja dashibodi. Alipofungua kisanduku ambamo hewa hupozwa, harufu ikatoka.

Ilikuwa harufu ya ndizi mbivu zilizochacha, nzito, tamu, yenye ukali kidogo mwishoni. Fundi alikunja pua. Mimi nilishika mlango wa gari, kwa sababu harufu ile sikuijua kwa gari hilo. Niliijua kwa koti la kaki la baba yangu, lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Ihembe, nami ni mtoto mdogo ninayelitazama kwa chuki.

Wenzangu wa rika langu mtayakumbuka malori ya kahawa ya zamani zile: boneti ndefu, bodi ya mbao, matope mekundu hadi kwenye vioo. Baba aliendesha moja la namna hiyo. Halikuwa lake. Lilikuwa mali ya Bwana Sebastiani, mfanyabiashara aliyetoka Bukoba, Mkatoliki mwenye maneno machache, ambaye alimwamini baba kwa sababu moja iliyo wazi: baba hakunywa. Baba na mama walikuwa wameokoka siku moja, mbele ya usharika wetu wa Kilutheri, na wote wawili waliahidi kwamba pombe haitaingia vinywani mwao wala haitatengenezwa kwa mikono yao. Kwa nguvu ya ahadi hiyo lori liliruhusiwa kulala uani kwetu, kando ya migomba, na mimi niliamka kila asubuhi nikiwa mtoto wa mtu mkubwa. Niliruhusiwa kufuta taa zake kwa jani la mgomba. Hakuna cheo nilichowahi kupewa baadaye, na nilipewa kadhaa, kilichonivimbisha kifua kama kile.

Katika boma hilohilo aliishi bibi, mama yake baba, katika nyumba yake ndogo ya nyasi. Bibi hakuwa ameokoka wala hakuwa na mpango huo. Kila mwinjilisti alipomtembelea alimkaribisha kiti na kumwambia, "Huyo Bwana wenu kazi yake ya kwanza ilikuwa arusini, na hakuwapa wageni maji." Alikunywa rubisi yake, pombe ya ndizi, kwa mrija, taratibu, mchana kweupe. Lakini viungo vya mikono yake vilikuwa vimevimba kwa uzee, hakuweza tena kulowesha mtama, kuuanika uote, na kuusaga uwe kimea cha kuchachushia maji ya ndizi. Kazi hiyo iliangukia kwa mkwe wake, yaani mama. Mama aliutandaza mtama juu ya majani ya mgomba nyuma ya jiko, akaukausha, akausaga, akampelekea bibi kimea katika kikapu kilichofunikwa. Rubisi yenyewe ilitengenezwa na jirani. Baba aliyaona yote hayo. Hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Nasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Kisha lori likaanza kuchemka. Lilipopanda mlima likiwa na mzigo, mvuke ulitoka kwenye boneti kama moshi wa jiko, na baba alilazimika kusimama, akashika kifuniko cha rejeta kwa gunia bichi, akakizungusha huku amegeuza uso. Maji ya moto yaliruka, yakamlowesha kifua na mikono. Alipofika nyumbani jioni koti lake lilinuka rubisi.

Mimi nilijua harufu ya rubisi kama nilivyojua sauti ya bibi. Sikujua jambo lolote kuhusu rejeta. Basi nililiweka hilo koti na ile harufu pamoja, na jibu nililopata lilikuwa jibu ambalo mtoto yeyote angelipata: baba yangu anakunywa njiani. Nilingoja mama aseme neno. Mama alilichukua koti, akalinusa, akatazama kule baba alikokuwa akinawa, kisha akalipeleka nyuma ya nyumba na kulifua kwa nguvu. Alilifua tena safari iliyofuata. Mimi nikaona kwamba naye amepata jibu lilelile. Alikuwa na jibu gani hasa, sijui, wala sitakisia.

Habari haikutoka kwetu. Ilitoka kwa Kahigi, utingo wa lori, kijana mcheshi aliyependwa gulioni. Kahigi alisema kwa mzaha tu, watu wakimsikia, "Dereva wetu siku hizi anajipaka marashi ya ndizi!" Watu wakacheka. Mwisho wa juma mzaha ulikwisha na ikabaki habari. Aliyekuwa amenusa akawa ameona. Aliyekuwa amesikia akawa alikuwapo. Ikasemwa kwamba baba huficha kibuyu chini ya kiti, na kwamba lori huchemka kwa sababu dereva aliyelewa hulipiga gia vibaya mlimani. Shuleni wenzangu walinipisha njia kwa dharau, wamebana pua.

"Nusa, nusa! Rubisi imekuja kusoma!"

"Mwacheni, asije akaanguka. Wamenyweshwa wote kwao!"

Sikupigana nao. Ningepigana kama ningeamini kwamba wanasema uongo. Niliacha kufuta taa za lori. Niliposikia injini ikipanda kutoka bondeni nilijifanya ninachota maji, na baba aliposhuka na kuniita nilimpa shikamoo nikitazama viatu vyake. Aliona. Alisimama kidogo, akasema "Marahaba," akaingia ndani.

Siku moja wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakiongozwa na Mzee Filemoni, mtu mrefu, mnyoofu, asiye na chuki na mtu. Hawakukaa sana. Walimwambia baba kwamba Jumapili atasimama mbele ya usharika ajibu. Akikiri, atakaa benchi la nyuma, nje ya Meza ya Bwana, hadi atakaporudishwa kundini. Akikana na ikajulikana ni uongo, itakuwa vibaya zaidi. Bwana Sebastiani naye alikuwa ametuma ujumbe kwamba anangoja kusikia kanisa litasemaje. Kwa hiyo vitu viwili vilikuwa hatarini, lori na Meza ya Bwana, na kwetu hapakuwa na kitu cha tatu.

Baba hakubishana nao. Jumamosi asubuhi alivaa suruali kuukuu, akafungua boneti.

Nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali kidogo. Kahigi alikuwapo, naye alikuwa na majibu mengi: kwamba maji wanayotia, ya kijito cha bondeni, ni mazito, kwamba mkanda wa feni umezeeka, kwamba injini imechoka tu kama mtu anavyochoka. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Sasa tuulize lori."

Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, ulikuwa umekaza. Aliwasha injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, akatazama ndani kama mtu atazamaye kisima, na maji yalikuwa yamesimama, hayatembei. Akangoja injini ipate moto. Ndipo akafanya jambo ambalo bado naliona: aliweka kiganja juu ya rejeta, polepole, akakishusha kidogokidogo, akakipeleka kushoto, akakirudisha kulia, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Juu ni moto," alisema. "Hapa chini ni baridi. Huku kote baridi. Maji hayapiti, Kahigi. Feni haina kosa, wala mlima hauna kosa."

Akazima injini, akaiacha ipoe, akaweka debe chini na kufungua bomba la kutolea maji. Halikutoa hata tone. Akachokoa kwa waya, akachokoa tena, na hapo kitu kikaanza kushuka. Hakikuwa maji. Kilikuwa uji mzito wa rangi ya udongo, wenye mabonge na povu, na harufu yake ikajaa uani hadi nyuki wakaja.

Kahigi alirudi nyuma. "Dereva! Lori linatapika rubisi!"

Baba alichovya kidole, akanusa. Akanitazama mimi juu ya kinu, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze nilimtazama usoni. Alitabasamu tu, tabasamu la mtu aliyekuwa amebeba gunia peke yake na sasa amepata wa kumtua. Nilishuka mbio nikamkumbatia mguu, koti na harufu yake na yote.

Mama alikuwa amekwenda shambani. Baba alilifunika debe kwa jani la mgomba na kulifunga kwa kamba. Hakumwambia mtu yeyote, kwa maana alitaka ushahidi wake ufike kanisani mzima, bila kuguswa na midomo ya watu. Hadi leo najiuliza ingekuwaje kama angemngoja mama arudi na kumwonyesha.

Kanisani kwetu wanaume waliketi upande mmoja na wanawake upande wa pili, watoto wakakaa mbele kwenye mkeka. Ibada ilipokwisha Mzee Filemoni alisimama na kumwita baba kwa jina. Baba akaja mbele na debe lake. Akalifungua.

"Wazee, na ninyi ndugu zangu," alisema. "Mmesikia mengi. Mimi sikuja na maneno. Hiki ndicho kilichotoka katika rejeta ya lori jana, na Kahigi alikuwapo. Mvuke wake ndio unaonilowesha ninapofungua kifuniko. Naomba akina mama watatu waliojua kutengeneza pombe kabla hawajaokoka waje wanuse, waseme wenyewe ni nini."

Wanawake watatu wakaja wakicheka kwa aibu. Mkubwa wao alichovya kidole, akasaga kitu kile kati ya kidole na gumba, akanusa kwa macho yaliyofumbwa, na kwa muda kidogo uso wake ukawa wa msichana.

"Hiki ni kimea cha mtama," alisema. "Kimekandwa na ndizi mbivu. Ndiyo dawa ya kuzibia ufa wa mtumbwi wa kukamulia ndizi. Kila mwanamke hapa anaijua."

"Basi aliyelewa ni lori!" sauti moja ikapaa kutoka upande wa wanaume.

"Litengwe! Likae benchi la nyuma!"

Kanisa zima likacheka, na Mzee Filemoni mwenyewe alificha mdomo. Mimi nilicheka kuliko wote. Niliwatazama wenzangu wa shule waliokuwa mkekani pamoja nami, mmoja mmoja, wanione. Baba alisimama na debe lake kama mtu aliyeshinda kesi, na hakika alikuwa ameishinda.

Mzee Filemoni akainua mkono. Hakuwa na hila yoyote. Aliuliza kwa sababu swali hilo lilikuwa linafuata, kama lifuatavyo katika hesabu.

"Ndugu, tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini lori hili hulala wapi?"

"Kwangu."

"Na kimea hiki kilitoka nyumba gani?"

Nilimwona baba akifungua mdomo. Nilimwona akifika mahali ambapo ushahidi wake ulikuwa ukimpeleka tangu jana, na yeye hakuwa amepaona.

Upande wa wanawake mama alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Asubuhi moja niliona lori linadondosha maji. Nikaogopa tajiri atasema dereva halitunzi, amnyang'anye. Baba watoto alikuwa amelala kwa uchovu, sikutaka kumwamsha. Nikafungua kile kifuniko nikatia dawa, kama tunavyoziba mtumbwi. Maji yakaacha kudondoka. Nikaona nimesaidia."

"Ulisaidia kwa nia njema, Ester," Mzee Filemoni alisema kwa upole. "Lakini kimea. Kimea kilikuwa kinafanya nini katika nyumba ya watu waliookoka?"

Jibu lilikuwapo. Lilikuwa jepesi, na sisi watatu tulilijua: ni cha mama mkwe, mikono yake imevimba. Lakini mke hamtaji mama wa mumewe kwa aibu mbele za watu; hivyo ndivyo mama alivyolelewa, na kuokoka hakukuliondoa hilo. Mwenye haki ya kulitaja alikuwa mwana wa bibi mwenyewe, naye alisimama mbele, debe miguuni, akiwa na ulimi uliokuwa umesema vizuri sana muda mfupi uliopita. Mama alimtazama. Hakumtazama kwa kudai. Alimtazama kama unavyomtazama mtu unapompa nafasi apite.

Baba aliinamisha macho kwenye debe.

"Kilikuwa nyumbani," mama alisema. "Nilikisaga mimi."

Akatoka mstarini kwake, akapita katikati ya akina mama waliokuwa wakivuta nguo zao kumpisha, akaenda kukaa benchi la nyuma kabla hajaambiwa. Nilisikia benchi likilia alipoketi. Sikugeuka. Wenzangu wa mkekani walikuwa wamegeuka wote, shingo zao zimenyooka, na mimi nilikaza macho kwenye ukuta wa mbele hadi chokaa ikaanza kucheza. Kicheko changu kilikuwa bado usoni; nilisikia ngozi ya mashavu ikikataa kurudi mahali pake.

Bwana Sebastiani aliridhika. Rejeta ilipelekwa Bukoba ikasafishwa na kuunganishwa kwa risasi, na baba aliendesha lori hilo miaka mingi. Habari ilimfikia bibi kama zinavyofika habari, ikiwa imekwisha kubadilika sura. Mama alipompelekea chakula, bibi alimshika mkono, akacheka hadi akakohoa: "Ester, kumbe nawe huonja kisirisiri! Ungeniambia, mwanangu, tungekuwa tunakunywa wote." Mama alicheka naye. Alimwekea bakuli karibu, akamfunika miguu. Bibi alikufa akiwa anaamini hivyo, na hakuna kati yetu aliyemsahihisha.

Jumapili iliyofuata baba, ambaye sasa alikuwa huru kushiriki Meza ya Bwana na kila mtu alikuwa anamngoja mbele, alipita viti vyote akarudi nyuma. Akaketi benchi la mwisho la wanaume, sambamba na mama, njia ya katikati ikiwa kati yao. Mzee Filemoni alimfuata na kumnong'oneza kwamba hakuna aliyemweka pale. Baba alitikisa kichwa. Alikaa pale hadi siku mama aliporudishwa kundini. Watu walimsifu kwa unyenyekevu. Mimi nilijua kwamba hakuwa akinyenyekea. Alikuwa anasema, kwa njia pekee aliyoimudu, ile sentensi aliyoshindwa kuisema. Ilikuwa imechelewa, na aliyeisikia ni mama tu, pamoja na mtoto aliyekuwa mkekani.

Nimeishi maisha yangu yote nikidai ushahidi. Wanafunzi wangu waliniogopa kwa hilo, na wanangu vilevile. Sijutii. Lakini kila ninapofika mahali ambapo kosa limekwisha kuonekana na swali linalofuata ni kosa hilo ni la nani, nasikia lile benchi.

"Mzee, njoo uone," fundi wa Rubwera aliniita. Alikuwa ameshika kurunzi. Mapezi membamba ya kipozeo yalikuwa yamefunikwa na utandu wa kahawia, wenye kunata, vumbi na nywele zimegandia humo, na kimrija cha kutolea maji kilikuwa kimezibwa na utandu uleule. "Hewa ingepitaje hapa? Huu ni omuramba, mzee, maji ya ndizi kabisa. Kuna mtu aliweka chupa juu ya dashibodi, ikachacha, ikajifungua, ikamwagikia humu kwenye matundu. Tumuulize mama pale kwenye benchi? Labda yeye anakumbuka ni nani..."

Mke wangu alikuwa bado kwenye benchi. Alikuwa ameacha kuguna. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Osha," nikamwambia fundi.

"Ndiyo mzee, ila nilikuwa nasema, ni vizuri tujue aliye..."

"Umepata kosa lilipo. Kazi yako imekwisha hapo. Osha, zibua huo mrija, funga."

Tuliondoka jua likiwa bado kali. Hewa ya baridi ilikuja usoni, safi, bila harufu. Tulikuwa tumekwisha kupita maduka ya mwisho mke wangu aliposema, akitazama migomba upande wake, "Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," nikasema, nikapandisha kioo.